Kabla hujanywa bia ya uwanja wa ndege, uliza bomba ni la nani

Kuna jamaa yangu mmoja alikuwa anabadilisha ndege O'Hare, pale Chicago, akanitumia picha kashika glasi ya Goose Island na chini kaandika "leo nakunywa bia ya watu wadogo, achana na hizo zenu za kiwandani". Mimi muda huo nipo zangu Sinza, Dar, na bia ya Kilimanjaro ya baridi mezani, nikamjibu kaka, hiyo yako na hii yangu ni za tajiri mmoja. Akadhani natania.

Sikuwa natania. Goose Island ilianza 1988 hapo hapo Chicago kama baa inayojipikia bia yake, ilikuwa ndogo kweli, na iliwaonyesha Wamarekani wengi kwamba bia sio lazima iwe maji ya njano yenye gesi, lakini mwaka 2011 ikauzwa kwa Anheuser-Busch kwa dola milioni 38.8, na Anheuser-Busch wenyewe wakati huo walishakuwa sehemu ya AB InBev, lile jitu la bia la dunia nzima. Halafu 2016 AB InBev wakaimeza SABMiller, jitu jingine la bia, na ndani ya tumbo la SABMiller ilikuwemo TBL yetu, Tanzania Breweries, yaani Kilimanjaro, Safari na ndugu zake. Kwa hiyo mtu kasafiri bara zima na bahari juu, kaishia kwenye bomba la mwenye mali yule yule aliyemwacha nyumbani, na kalipa mara nne.

Sasa mimi sina ugomvi na Goose Island, ni bia nzuri, nikipewa nakunywa. Ninachosema ni kwamba ukiwa uwanja wa ndege, neno krafti, yaani bia ya kiwanda kidogo kinachojitegemea, kwenye lebo halikuambii kitu. Wamarekani wenyewe kupitia chama chao cha wapika bia, Brewers Association, wameweka mipaka: kiwanda kisizidi mapipa milioni 6 kwa mwaka na kampuni kubwa isiyo ya krafti isimiliki robo yake au zaidi. Milioni 6 za mapipa yao ni kama lita milioni 700, kwetu huwezi kumwambia mtu hicho ni kiwanda kidogo akakuelewa, ila angalau hicho kipengele cha umiliki kina maana. Ndio maana Goose Island haimo kwenye hesabu yao. Lakini nani anasoma hayo yote saa kumi na moja alfajiri anasubiri geti lifunguliwe? Unaona jina geni, unaona bomba la shaba, mhudumu kavaa aproni ya ngozi, unasema hii yenyewe.

Ukitaka kuelewa kwa nini iko hivyo usianze na bia, anza na kodi ya pango. Baa ya ndani ya uwanja wa ndege haifunguliwi kama grosari ya mtaani kwamba umepata fremu, umepaka rangi, umeweka friji. Kwa kawaida uwanja unatoa zabuni, kampuni moja kubwa inachukua sehemu nyingi kwa mpigo, inaahidi kuulipa uwanja kiwango cha chini kila mwaka hata biashara ikilala, na juu ya hapo asilimia ya mauzo. Kila kreti inayoingia lazima ipite ukaguzi, stoo ni ndogo, wafanyakazi lazima wachunguzwe na wapewe vitambulisho vya usalama. Mpika bia mdogo ambaye anapika pipa kumi kwa wiki na gari lake la kusambaza ni pikapu ya shemeji yake hawezi hayo, na mwenye baa naye hataki kuishiwa bia katikati ya Ijumaa jioni. Anampigia mkubwa. Mkubwa ana bia ya kawaida na pia ana zile alizonunua zenye lebo za kuvutia, analeta zote na lori moja. Nawe unakuta mabomba nane kaunta, unahisi una uhuru wa kuchagua, kumbe sita ni ndugu wa baba mmoja.

Na bei ndio usiseme. Mwaka 2021 abiria mmoja pale LaGuardia, New York, alipiga picha menyu yenye bia ya msimu ya Sam Adams kwa dola 27.85, kwa dola ya wakati ule ni zaidi ya shilingi 60,000 za Tanzania, bia moja jamani, hata kitimoto hakuna. Ikazua kelele mpaka mamlaka ya viwanja vya huko ikafanya uchunguzi, na Mei 2022 wakatoa ripoti kukiri kuwa kweli kuna wateja walitozwa bei isiyoteteeka. Cha kufurahisha ni kwamba sheria ilikuwepo, bei ya uwanjani isizidi ya mtaani kwa zaidi ya asilimia 10, ila hakuna aliyekuwa anaisimamia mpaka mtu alipopiga picha.

Linganisha na Portland, kule Oregon. Uwanja wao una kanuni ya miaka mingi kwamba unachouza ndani uuze kwa bei ya mjini, basi, sio mjini jumlisha asilimia kadhaa, bei ile ile. Na wakajaza biashara za watu wa palepale. Oregon ni nchi ya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, viwanda vidogo vimejaa kila kona, kwa hiyo ukiwa PDX, ndio uwanja wao huo, ukiagiza bia ya Deschutes unakunywa kitu cha jimbo hilo hilo na hujaumizwa mfuko. Hiyo haikutokea kwa sababu watu wa Portland wana roho nzuri kuliko wa New York, imetokea kwa sababu kuna mtu aliiandika kwenye mkataba halafu kuna mtu mwingine anaifuatilia. Mimi nadhani hapo ndipo jambo lote lilipo. Bia ya krafti ni bia ya mahali, na uwanja wa ndege kwa asili yake unajengwa ufanane na kila uwanja mwingine, vioo, vigae, manukato, chokoleti ya pembetatu. Isipowekwa kwenye karatasi kwamba mahali hapa paonekane, hapataonekana.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Munich. Pale kuna Airbräu, kiwanda cha bia ndani ya uwanja wenyewe, kipo tangu 1999, matangi ya shaba unayaona kwa macho na bustani ya bia nje kama ya kijijini Bavaria. Hawaleti bia, wanaipika hapo hapo. Kuna laga yao inaitwa FliegerQuell, kuna ya ngano inaitwa Kumulus, kama lile wingu la mafungu mafungu, na kuna nzito ya kuitwa Aviator ambayo mtu ukinywa mbili usiulize tena geti lako ni lipi. Majina ya ndege ndege tu, Wajerumani wana utani wao. Bei yake ni ya kibinadamu kwa Munich, na kwa kuwa sehemu kubwa iko nje ya ukaguzi, kati ya terminali mbili, unakuta wenyeji ambao hawasafiri popote wamekuja kukaa na kula. Hicho kwangu ndio kipimo: baa ya uwanja wa ndege ambayo mwenye mji anaifuata akiwa hana tiketi.

Ila hapo kwenye "nje ya ukaguzi" ndipo sisi tunapoachwa. Makala nyingi za wazungu kuhusu bia na safari zinakwambia una saa sita Munich? Toka nje kanywe. Una saa saba Brussels? Panda treni, dakika ishirini tu uko mjini, shuka kituo cha Midi, tembea kidogo mpaka Cantillon, kiwanda cha tangu 1900 kinachoacha bia iingiwe na hamira ya hewani bila kuwekewa, ikalala kwenye mapipa ya mbao miaka mpaka inakuwa na uchachu kama wa ukwaju. Ushauri mtamu sana. Sasa wewe una pasipoti ya Tanzania au ya Kenya, bila viza ya Schengen huvuki ule mlango. Ndugu zetu wa Kongo ndio kabisa, maana Mkongo anatakiwa awe na viza ya kupitia uwanjani tu, hata kama hatoki nje ya jengo. Yaani mtu anapanda Brussels Airlines kutoka Kinshasa, anatua kwenye nchi ambayo utamaduni wake wa bia uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO 2016, na anachoweza kuona ni kile kilichopangwa kwenye friji upande wa ndani. Kwa mtu huyu swali la bomba la nani ni zito kuliko kwa Mwingereza anayetoka na kuingia anavyotaka. Yeye ana baa moja au mbili tu za kuchagua, hana mji.

Bahati nzuri kuna upande mwingine wa ramani ambao hizo makala hazigusi kabisa. Mtanzania anaingia Kigali bila viza, uwanja uko mjini kabisa, na huko kuna Kweza, kiwanda kidogo cha bia kilichoanzishwa na wanawake. Mkenya anaingia Ethiopia bila viza, na Addis karibu na uwanja wa Bole kuna Beer Garden Inn, wanapika wenyewe bia ya Kijerumani, nyeupe na nyeusi, wanakuletea kwenye mnara mrefu wenye koki mezani kama mko kundi. Ukiwa na saa tano za kusubiri Ethiopian ya usiku na makaratasi yako yanaruhusu, hiyo ni safari ya taksi fupi sana. Nairobi nayo tangu barabara ya juu ya Expressway ianze kazi 2022, kutoka upande wa uwanja wa JKIA mpaka Westlands sio tena habari ya kuomba Mungu foleni isikukamate, na Nairobi ndio mji wa krafti wa ukanda huu kusema ukweli, wana kiwanda cha 254, wana cha Bateleur. Kampala kuna Banange, ila Entebbe na Kampala ni kilometa arobaini hivi na ile foleni ya Kampala mimi siipi dhamana, kama una saa tatu kaa Entebbe ule samaki. Dar tuna Crafty Dee's. Ukiniuliza kama unaweza kuzikuta hizi zote kwenye friji za ndani za viwanja vyao, hapo ndipo narudi kwenye habari yangu ya mkataba.

Haya, tuseme umeshapanda. Ndani ya ndege bia inabadilika, na hili watu wengi wanadhani ni maneno ya wajuaji. Hewa ya ndani ya ndege inawekwa presha kama ya mtu aliye mita 1,800 mpaka 2,400 juu ya bahari, fikiria umesimama Marangu geti pale chini ya Mlima Kilimanjaro, au umeshaanza kupanda kidogo kuelekea kambi ya Mandara. Unyevu wa hewa uko chini ya asilimia 20, pua inakauka, na mtu anaonja kwa pua kuliko anavyoonja kwa ulimi. Lufthansa waliwahi kuwapa kazi watafiti wa taasisi ya Fraunhofer, pale Holzkirchen karibu na Munich, wana kipande cha ndege halisi ndani ya chumba cha kupunguza presha, wakagundua uwezo wa kuonja chumvi na sukari unashuka mpaka kama asilimia 30. Halafu kuna kelele. Watafiti wa chuo cha Cornell 2015 walionyesha kelele za kiwango cha ndani ya ndege zinafifisha utamu wa sukari lakini zinanyanyua ile ladha ya mchuzi, ya nyanya, ya supu ya nyama. Ndo maana watu ambao chini hawagusi juisi ya nyanya wakipanda ndege wanaiagiza.

Sasa chukua IPA, ile bia chungu ya hopsi nyingi ambayo kila mtu akisikia krafti anaiwaza hiyo. Inasimama kwa miguu miwili, uchungu wa hopsi na utamu wa kimea. Ukipanda nayo angani utamu unapungua na harufu ya maua na machungwa inapotea kwa sababu pua imekauka, kinachobaki ni uchungu umesimama peke yake kama mwarobaini. Watu wanasema bia mbovu, kumbe kosa ni la kuichagua. British Airways walipotimiza miaka mia 2019 walitengenezewa na kiwanda cha BrewDog cha Scotland bia ya Speedbird 100, na ni IPA, mimi mpaka leo najiuliza nani alishauri. Cathay Pacific walifikiria zaidi. 2017 walitoa Betsy, jina la ndege yao ya kwanza kabisa, DC-3 ya zamani, wakatengenezewa na kiwanda kidogo cha Hong Kong bia ya ngano yenye asali ya kule kwao na matunda ya longan, yaani wakaongeza utamu na harufu makusudi kufidia kile kinachopotea juu. Hata kama ulikuwa ujanja wa matangazo, na ulikuwa, hesabu yake ilikuwa sahihi. SAS, shirika la ndege la Skandinavia, nao walifanya kazi miaka mingi na kiwanda cha Mikkeller cha Copenhagen na walikuwa wanabadilisha aina, hawakung'ang'ania moja.

Kwa hiyo angani mimi natafuta nyeusi. Stauti, bia ya kimea kilichokaangwa, kitu chenye ladha ya kahawa na mkate ulioungua, hiyo haihitaji pua sana. Na hapa nataka niwaombe radhi wazee wetu. Unajua ile ya kwenye baa za Bongo mhudumu anauliza baridi au ya moto, na wewe kijana unamcheka mzee anayesema niletee ya moto? Mzee yuko sahihi. Baridi kali inaua ladha, na bia nyeusi inajifungua vizuri ikiwa haijaganda, digrii kumi na kitu hivi. Ndani ya ndege ulimi umeshapigwa na presha, na ukavu, na kelele, halafu unaongeza kopo lililotoka kwenye barafu, utaonja nini? Pokea kopo, liweke kwenye kimeza, soma gazeti, subiri dakika kumi na tano. Kisha mimina taratibu sana, glasi umeilaza, kwa sababu presha ikiwa ndogo gesi inatoka kwa fujo na povu linapanda mpaka kwenye suruali ya jirani. KLM walipotaka kuuza Heineken ya bomba angani 2016 hilo ndilo lililowasumbua, ilibidi toroli itengenezwe upya maana mtungi wa gesi ya kawaida ya baa huruhusiwi kuupandisha na povu lilikuwa halishikiki. Kama unaweza kuchagua ndege, zile Dreamliner ambazo Air Tanzania na Kenya Airways wanazo presha yake ya ndani imewekwa kwenye mita 1,800 na hewa yake haikaushi sana, ulimi unapona kidogo. Ila sijawahi kusikia mtu kachagua ndege kwa ajili hiyo na simshauri.

Kama shirika lako halitoi kilevi, mfano Saudia, Kuwait Airways, EgyptAir, basi ni juisi na tumalize hapo. Usijifanye mjanja wa kufungua kopo lako mwenyewe kitini. Marekani ni kosa kisheria kunywa pombe ndani ya ndege ambayo hujapewa na mhudumu, na mashirika mengi kwingine nayo hivyo hivyo.

Nije kwenye kubeba, maana kwa mtu wa krafti raha kamili ni kufika nayo nyumbani umfungulie mtu. Tangu ule mpango wa mabomu ya kimiminika uliokamatwa London Agosti 2006, kwenye viwanja vingi chochote cha majimaji zaidi ya mililita 100 hakipiti mkononi, kwa hiyo bia ya mjini inakwenda kwenye begi la chini. Watu wanaogopa chupa itapasuka kule chini kwa presha. Haipasuki, sehemu ya mizigo ya ndege ya abiria inawekwa presha kama ya juu tulipokaa, kinachopasua chupa ni yule jamaa anayerusha begi. Mimi nafunga kila chupa kwenye soksi, soksi kwenye mfuko wa plastiki wa kuziba, halafu kitenge, halafu katikati ya begi mbali na pembe zote. Makopo ni bora zaidi kama yapo, kopo la mililita 330 lina uzito wa gramu 350 hivi, kopo ishirini na nne ni kilo nane na ushee, kati ya kilo 23 bado unabaki na nafasi ya viatu vya watoto. Chupa moja ya Cantillon ya mililita 750 ile yenye kioo kinene ni kama kilo moja na nusu peke yake. Sheria za usalama wa anga hazina shida na kilevi kilicho chini ya asilimia 24, ubishi wa lita tano unaanzia juu ya hapo, na bia hata ile kali ya watawa wa Ubelgiji inacheza kwenye 10. Forodha ndio unatakiwa uwe mpole. Sheria ya Afrika Mashariki inakusamehe spiriti lita moja au mvinyo lita mbili, bia haijatajwa kwenye mstari huo, kwa hiyo ukiulizwa sema ukweli na uwe tayari kulipa kidogo, usianze kumfundisha afisa sheria.

Nini cha kubeba? Sio IPA. Harufu ya hopsi inakufa haraka, ikipigwa na joto la Dar wiki mbili unabaki na chai chungu. Beba zinazovumilia umri, ile chachu ya Brussels inaweza kulala chini ya kitanda miaka na inazidi kupendeza, stauti nzito nazo zinangoja.

Kuna kosa moja nililifanya mwenyewe na wala sina wa kumlaumu. Nilinunua chupa mbili upande wa ndani wa uwanja mmoja wa Ulaya, nikawekewa kwenye ule mfuko wa kuzibwa wenye risiti inayoonekana, nikaambiwa usifungue mpaka ufike. Kwenye ndege jirani yangu akaniuliza ni bia gani hiyo, mimi na sifa zangu nikauchana mfuko nimwonyeshe lebo, nikamweleza historia ya kiwanda, tukacheka. Kwenye uwanja wa kubadilishia kuna ukaguzi tena. Mfuko umechanika, chupa ni za mililita 375, binti wa ukaguzi akanionyesha kwa kidole pipa la taka bila hata kuongea. Nilizitumbukiza mwenyewe, moja baada ya nyingine.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu kuna kitu huwa kinanichekesha na kuniuma kwa pamoja. Tukizungumza krafti tunafikiria Munich na Oregon, wakati Mchaga anapika mbege tangu kabla hatujapata jina la kuiita krafti. Ndizi mbivu zinachemshwa, zinaachwa, kimea cha ulezi kinaingia, na kwa ajili ya uchungu wanaweka gamba la mti wa msesewa. Soma tena hapo. Nafaka iliyooteshwa, sukari ya tunda, na kitu cha mmea cha kuleta uchungu. Ni kazi ile ile ya hopsi, mti tofauti. Kila mama mpishi ana mkono wake, mbege ya Marangu sio ya Machame, na hakuna kampuni ya nje iliyowahi kuinunua. Kwa kile kipimo cha wale Wamarekani cha udogo na kujitegemea, mbege inapita bila hata kujadiliwa.

Na KIA, uwanja ambao upo tangu 1971 katikati ya Moshi na Arusha, unaobeba jina la mlima wenyewe, mgeni aliyetoka kupanda mlima huo anakaa baa akisubiri ndege yake na anaulizwa zile zile tunazoulizwa Sinza. Najua utetezi, mbege haikai, siku moja au mbili inachacha, haina chupa, haina nembo ya ubora, nani atapitisha dumu linalotoa povu kwenye mashine ya ukaguzi. Yote kweli. Lakini Airbräu nao hawakupitisha dumu, walijenga tangi ndani. Nafasi ya meta chache, mama mmoja mwenye leseni, ndoo zake za ulezi, na kipengele kimoja kwenye zabuni kinachosema angalau bomba moja liwe la kitu kinachopikwa Kilimanjaro. Kuna bia ya ndizi ya Arusha kama Raha ambayo tayari imo kwenye chupa, hiyo haihitaji hata kujenga. Mwenye uwanja akitaka, inawezekana ndani ya msimu mmoja wa watalii.

Mara ya mwisho nilikuwa natoka Moshi kuwahi ndege ya jioni, nikamwomba dereva tusimame Boma Ng'ombe kwa shangazi yake anayepika. Nikapewa kwenye kata, ya siku ile ile, nzito, ina uji uji wa ulezi unaosaga kwenye meno, chachu kidogo, uchungu wa msesewa unakuja mwishoni kabisa ukishameza. Shangazi akanijazia tena bila kuuliza. Tukafika KIA nina muda wa saa nzima, nikaenda baa ya ndani, dada wa kaunta akaniangalia akacheka, akanipa tishu nifute midomo ulezi ulikuwa umebaki kwenye masharubu, akauliza, "Nikupe Kili au Safari, kaka?"

Nikamwambia maji.